Chemirocha: Mwimbaji wa reli aliyegeuzwa swara Kapkatet

MASHABIKI wa hip hop katika miji ya Kericho, Litein na Bomet wana desturi isiyohitaji mwaliko. Wawili wakikutana, hata kabla chai haijamiminwa, simu hutolewa mifukoni na nyimbo zikaanza kupitishwa. Huyu ana kibao cha wiki hii, yule anamrudisha mwenzake nyuma hadi enzi za Kalamashaka miaka ya 1990, au kwa marehemu E-Sir aliyefariki katika ajali ya barabara Machi 2003. Hubishana nani mkali kuliko nani, kisha kila mmoja huondoka na wimbo ambao hakuja nao.

Desturi hiyo ya kugawana sauti za mbali ni kongwe kuliko simu, kuliko kanda za kaseti, na kuliko hip hop yenyewe. Katika nchi hii ya majani chai, mmoja wa Wamarekani wa mwanzo kupitishwa namna hiyo kutoka sikio hadi sikio, hadi akapewa jina la Kikipsigis na umbo la mnyama, alikuwa mzungu mwembamba wa Mississippi. Alifanya kazi ya reli, aliugua kifua kikuu na alifariki mwaka 1933 bila kukanyaga ardhi ya Afrika.

Jina lake lilikuwa Jimmie Rodgers. Wakipsigis walimwita Chemirocha.

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897 katika eneo la Meridian, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa vibarua waliotengeneza njia ya reli, kazi iliyomweka mbali na nyumbani kwa wiki nyingi. Mama yake, Eliza, alifariki mtoto akiwa bado mdogo wa umri wa kuanza shule. Tangu hapo Jimmie akawa mtoto wa kila mtu na wa asiye mtu: mara kwa jamaa huyu, mara kwa shangazi, mara kambini kwa baba yake miongoni mwa wanaume waliolala kwenye mahema kando ya reli.

Ni katika kambi hizo ndimo alimopata elimu iliyomfaa maishani. Wengi wa vibarua waliobeba mataruma na kugongomea misumari walikuwa watu weusi, wana na wajukuu wa watumwa. Walifanya kazi kwa kuimba. Mmoja aliongoza, wengine wakaitikia, na nyundo zikashuka kwa pamoja. Rodgers aliwachotea maji ya kunywa akiwa kijana, akawasikiliza, na inasemekana ni wao waliomwonyesha namna ya kushika banjo na gitaa. Majina ya walimu hao hayamo katika kitabu chochote. Jambo hilo tuliweke kando kwa sasa, kwa maana tutalirudia.

Akiwa na umri wa takriban miaka 13 alishinda shindano la uimbaji mjini Meridian, akatoroka na kundi la waganga wa kutembeza dawa, wale waliotumia muziki na vichekesho kuvuta umati ili wauze chupa zao. Baba yake akamrudisha na kumtia kwenye reli. Kwa zaidi ya mwongo mmoja alifanya kazi mbalimbali za garimoshi, hasa ile ya mtumishi wa breki, ambayo ilimpasa kutembea juu ya mabehewa yanayoyumba, kuyaunganisha na kuyatenganisha, na kusimamia breki katika mvua na baridi. Sifa aliyokuja kupewa baadaye, ya mtumishi wa breki anayeimba, haikuwa ya kubuni.

Maisha ya nyumbani hayakumtulia. Ndoa yake ya kwanza na Stella Kelly, iliyofungwa mwaka 1917, ilivunjika upesi ingawa ilileta binti. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, ambaye angekaa naye hadi mwisho. Walipata mabinti wawili. Mdogo, June, alifariki mwaka 1923 akiwa na miezi sita. Yasemekana baba mtu alikuwa mbali akitafuta riziki na hakuwa na nauli ya kutosha.

Mwaka 1924 alianza kutema damu. Madaktari walimwambia ni kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na tiba. Dawa ya kwanza ya kuutibu ingepatikana miaka ya 1940. Kilichoagizwa kilikuwa mapumziko, hewa safi na chakula kizuri, mambo matatu ambayo maskini hana. Kazi ya reli, yenye moshi na vumbi la makaa, ikawa haimfai tena. Alijaribu Florida, akajaribu jangwa la Arizona, akarudi. Katikati ya hayo aliwahi kujiunga na onyesho la kutembea akiwa amejipaka masizi usoni, mtindo wa wakati huo wa wazungu kuigiza watu weusi kwa kejeli. Ukweli huo hauna utamu, lakini ni sehemu ya maisha yake, na anayemsimulia Rodgers bila kuutaja anasimulia nusu.

Kwa maneno mengine, ni ugonjwa uliomfanya mwanamuziki. Hakuweza tena kubeba kitu kizito kuliko gitaa.

Mapema mwaka 1927 alihamia Asheville, mji wa milimani huko North Carolina, na kupata nafasi ya kuimba redioni pamoja na kikundi kidogo cha vijana. Kazi ya redio haikudumu. Ndipo waliposikia kwamba Ralph Peer, wakala wa kampuni ya santuri ya Victor, alikuwa ameweka mitambo ya kurekodi katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa mashambani. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, wenzake walizozana naye kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakaamua kurekodi bila yeye. Agosti 4, 1927, Rodgers akaingia peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili. Alilipwa dola 100.

Siku chache tu kabla yake, katika chumba hichohicho, familia ya Carter kutoka milima ya Virginia ilikuwa imerekodi nyimbo zake za kwanza. Wanahistoria wa muziki wa kantri huziita siku hizo za Bristol kuzaliwa kwa aina hiyo ya muziki. Huenda wanatia chumvi, kwa maana watu wa milimani walikuwa wakiimba muda mrefu kabla ya Peer kufika na mashine zake. Hata hivyo, ni kweli kwamba kutoka siku hizo muziki huo ukawa biashara.

Nyimbo za Bristol hazikutikisa soko. Rodgers hakungoja kuitwa. Alisafiri hadi New York, akapanga katika hoteli asiyoweza kuilipia, akampigia Peer simu kumweleza kwamba yuko tayari. Novemba 30, 1927, huko Camden, New Jersey, akarekodi wimbo uliokuja kuitwa Blue Yodel. Uliingia madukani mwanzoni mwa mwaka 1928 na kuuza nakala kwa mamia ya maelfu.

Upya wa wimbo huo ulikuwa nini? Mashairi yalikuwa ya bluzi, mtindo wa watu weusi wa Kusini: mstari huimbwa, hurudiwa, kisha hujibiwa. Yalijaa majigambo, bunduki, mwanamke msaliti na safari. Msikilizaji wa hip hop angeyatambua mara moja. Kisha, mstari ulipokwisha, Rodgers aliiachia sauti ivunjike kutoka kifuani na kuruka juu hadi kooni, ikashuka na kuruka tena, bila neno lolote. Hiyo ndiyo yodeli, ambayo asili yake inayojulikana zaidi ni ya wachungaji wa milima ya Alps barani Ulaya na ambayo waigizaji wa majukwaani walikuwa wameieneza Marekani. Rodgers hakubuni bluzi wala yodeli. Alichofanya ni kuziweka mbili hizo katika koo moja, na zikakubaliana.

Hilo la sauti isiyo na maneno lilikuwa na matokeo ambayo yeye mwenyewe hangeweza kuyakisia. Maneno ya Kiingereza cha Mississippi hayawezi kuvuka bahari bila mkalimani. Mruko wa sauti unaweza.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya mbio. Aliandika na kurekodi, akazunguka Kusini akiimba kwenye kumbi na mahema, akavaa mara sare ya reli, mara kofia ya wachunga ng'ombe. Pesa zilimiminika na kumwagika. Alinunua magari, magitaa na dawa, na kuwagawia marafiki wa reli waliomjia na shida. Mwaka 1929 alijenga jumba huko Kerrville, Texas, ambako hewa kavu ilisemekana kuwafaa wagonjwa wa kifua. Mwaka huohuo aliigiza katika filamu fupi ya sauti. Mwaka 1931 alizunguka Texas na Oklahoma pamoja na mchekeshaji maarufu Will Rogers kuchangisha fedha za Shirika la Msalaba Mwekundu kwa waathiriwa wa ukame. Alirekodi pia wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, akiutaja kwa jina wakati ambapo familia nyingi ziliuficha kama aibu.

Julai 16, 1930, mjini Los Angeles, alirekodi Blue Yodel namba 9. Aliyepiga tarumbeta alikuwa Louis Armstrong, na piano ilipigwa na mkewe Armstrong, Lil Hardin. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Mfalme wa jazi na baba wa kantri wako pamoja katika wimbo wa dakika zipatazo tatu, mweusi na mzungu, katika nchi ambayo sheria za majimbo ya Kusini hazikuwaruhusu kuketi katika behewa moja. Ukitaka kumjua Rodgers kwa santuri moja tu, mwandishi wa makala haya angekupa hiyo.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliiangusha biashara ya santuri. Mkulima aliyeshindwa kununua unga hakuwa na senti 75 za wimbo. Mwaka 1932 Rodgers aliachana na jumba la Kerrville akahamia nyumba ya kawaida mjini San Antonio. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Mei 1933 akasafiri hadi New York kurekodi nyimbo za kuwaachia mkewe na binti yake chochote. Kitanda kidogo kiliwekwa studioni. Aliimba wimbo, akalala, akaamka, akaimba mwingine. Mei 24 alimaliza. Usiku wa kuamkia Mei 26 alifariki hotelini akiwa na umri wa miaka 35.

Mwili ulirudishwa Meridian kwa garimoshi, na inasimuliwa kwamba dereva aliivuta honi kwa sauti ya chini ya kuomboleza alipokaribia mji. Alizikwa katika makaburi ya Oak Grove. Aliacha rekodi zipatazo 110.

Hapa ndipo wasifu mwingi wa Rodgers unapoishia, ukiongeza tu heshima alizopewa baadaye: kuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Sifa la muziki wa kantri mwaka 1961, stempu ya posta mwaka 1978, na kutambuliwa na waenzi wa muziki wa roki mwaka 1986. Lakini maisha yake ya pili yalikuwa yameanza kilomita maelfu kutoka Meridian, kati ya Kericho na Sotik.

Nchi ya Wakipsigis ya miaka hiyo ilikuwa imetikiswa. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, ikipita Londiani na Lumbwa, kituo ambacho sasa kinaitwa Kipkelion. Jirani zao Wanandi waliipinga kwa silaha hadi kiongozi wao Koitalel Samoei alipouawa kwa hila Oktoba 1905. Kisha yakaja majani chai. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza mashamba makubwa kwenye ardhi ya nyanda za juu za Kericho, na wenyeji wakasukumwa pembeni au wakageuzwa vibarua juu ya udongo wa babu zao. Mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya kifo cha Rodgers, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, walioogopwa kwa uwezo wao wa kiroho, na kuwapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Madai ya fidia kwa dhuluma hizo yangali yanaendelea hadi leo.

Pamoja na mashamba ikaja gramafoni: sanduku lenye mkono wa kuzungusha, sindano ya chuma na santuri nyeusi za mizunguko 78 kwa dakika zilizovunjika kama sahani. Santuri za Rodgers zilitolewa Uingereza na India pia, na njia za biashara za himaya zilipitia Mombasa. Zikafika.

Nani alizileta Kapkatet? Hugh Tracey, ambaye tutamfikia punde, aliandika kwamba wenyeji walimsikia Rodgers kupitia gramafoni ya wamishenari. Inawezekana. Kituo cha Africa Inland Mission kilikuwa Litein, si mbali na hapo, na huko Bomet wamishenari wa Kimarekani walikuwa Tenwek. Lakini mtu anayezijua nyimbo za Rodgers, zenye pombe, kamari na wanawake wa kila stesheni, atajiuliza ni mmishenari gani wa madhehebu hayo makali angezicheza barazani mwake. Kulikuwa pia na wakulima wa kizungu, maduka ya Wahindi na askari waliorejea kutoka vita vya pili vya dunia. Yaelekea zaidi kwamba sauti hiyo iliingia kwa milango kadhaa, kama inavyoingia hip hop leo: wimbo haumuulizi mtu ameutoa wapi.

Jambo la hakika ni kilichotokea mwaka 1950. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alikuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi muziki wa asili. Aliamini muziki huo ulikuwa ukipotea na kwamba Waafrika wenyewe walikuwa wakidanganywa na santuri za nje. Alipofika Kapkatet alirekodi nyimbo kadhaa za Wakipsigis zilizosindikizwa na chepkong, aina ya kinubi chenye nyuzi zilizotandazwa juu ya bakuli lililowambwa ngozi. Miongoni mwake zilikuwemo tatu zenye jina moja: Chemirocha.

Jina hilo, ukilitamka polepole, ni Jimmie Rodgers katika kinywa cha Mkipsigis. Lugha hiyo haina sauti ya j, kwa hivyo ch ikashika nafasi yake. Tena silabi ya mwanzo, che, ndiyo inayofungua majina mengi ya wasichana wa huko: Chebet, Chelangat, Chepkemoi, Chemutai. Mgeni akapewa jina linalokaa vizuri miongoni mwa mabinti wa kijiji. Inaelezwa pia kwamba neno chemirocha lilikuja kutumika kwa kitu chochote kipya na cha ajabu kutoka nje.

Wimbo wa tatu ndio uliopata umaarufu. Unaimbwa na wasichana, wakiongozwa na mmoja huku kinubi kikizunguka tuni ileile fupi, na hauna urefu wa hata dakika mbili. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha ndani ya wimbo huo ni kiumbe nusu mtu nusu swara, na wasichana wanamtaka acheze, aruke, acheze kwa nguvu hadi mavazi yamvuke.

Maelezo hayo yamewafurahisha wasomi wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miongo saba. Wengine wamemlinganisha Chemirocha na miungu ya Wagiriki wa kale yenye kwato za mbuzi. Wengine wamehitimisha kwamba watu wa Kapkatet walimwabudu mwimbaji wa Mississippi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hitimisho hilo linawadhulumu wasichana wale. Sauti iliyotoka katika sanduku bila mwili ilihitaji kupewa mwili, na sauti inayorukaruka kama ile ya Rodgers ilistahili miguu ya swara. Ni sitiari nzuri. Na kumtaka mwanamume acheze hadi avuliwe nguo na mwendo wake mwenyewe ni utani wa wasichana, wa aina ambayo jamii nyingi za Afrika Mashariki zinaufahamu katika ngoma za vijana. Rapa wa Nairobi akijiita simba, hakuna profesa anayeandika kwamba vijana wa Dandora huabudu wanyama.

Kejeli nyingine iko upande wa Tracey mwenyewe. Alikwenda Kapkatet kuokoa muziki wa kienyeji usichafuliwe na santuri za kigeni, na kazi ya pale iliyomletea sifa kubwa ikawa wimbo uliozaliwa na santuri ya kigeni. Aliutoa katika mkusanyiko wake wa muziki wa Afrika, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayofahamika kwa kifupi kama ILAM. Alifariki mwaka 1977, na maktaba hiyo ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Sasa tuurudie ule mzigo tuliouweka kando. Rodgers alichota kwa vibarua weusi wa reli, akapata jumba, nao hawakupata hata jina. Yeye naye akachotwa na Wakipsigis, na hilo halikumpunguzia kitu. Kisha Wakipsigis wakachotwa na mashine ya Tracey. Aliandika majina ya waimbaji wakuu, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya, lakini wasichana wengine waliitikia wimbo unaojulikana duniani na wakabaki kundi tu. Wapenzi wa hip hop wanaujua mjadala huu kwa undani kuliko mtu yeyote, kwa sababu muziki wao umejengwa kwa vipande vya santuri za wengine. Katika mtaa wa Bronx miaka ya 1970, DJ Kool Herc alikuwa akiloweka santuri zake na kubandua lebo ili wapinzani wasijue midundo yake imetoka wapi. Kapkatet walifanya kinyume chake. Walichukua sauti wakabandika jina la mwenyewe juu yake, tena wakalifanya ndilo wimbo.

Tofauti hiyo si ndogo. Miaka kumi na saba baada ya kufa Rodgers, kulikuwa na wasichana katika vilima vya Kericho waliokuwa wakimtaja kwa jina kila walipotaka kucheza, na kwa hili alipata heshima ambayo walimu wake wa Mississippi hawakuipata kwake.

Kumbukumbu za muziki wenyewe ziliendelea kusafiri. Huko Marekani, Chester Burnett, mwimbaji mweusi wa bluzi aliyejulikana zaidi kama Howlin' Wolf, alieleza kwamba mlio wake wa kutisha ulitokana na kujaribu kuiga yodeli ya Rodgers na kushindwa. Mali ya watu weusi ikawa imerudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Hapa Kenya, upendo wa muziki wa kantri ulitia mizizi. Vizazi vya wasikilizaji wa redio vimelelewa na sauti za Jim Reeves na Don Williams, na Bonde la Ufa ni mojawapo ya ngome za muziki huo. Mjini Kericho, duka na studio ya Chandarana ilitoa santuri nyingi za benga na za Kikipsigis, zikiwemo kazi za marehemu Kipchamba arap Tapotuk, mpigaji gitaa ambaye nyimbo zake bado husikika katika sherehe za Wakalenjin. Kufikia hapo mwenyeji hakuhitaji tena kumsubiri mgeni ndani ya sanduku.

Katikati ya miaka ya 2010, ILAM na wadau wa mradi wa Singing Wells, likiwemo shirika la Ketebul Music la Nairobi, walizirudisha rekodi za Tracey Kapkatet. Kwa zaidi ya miaka 60 nyimbo hizo zilikuwa zimesikilizwa London na New York, na watu walioziimba hawakuwa na nakala. Baadhi ya vijana wa mwaka 1950 walipatikana wakiwa hai, sasa wazee wenye vitukuu. Walisikilizishwa sauti zao za ujana. Na kuhusu mzungu aliyewapa wimbo, walisimulia walichokumbuka: kwamba kulikuwa na mashine, na kwamba sauti iliyotoka humo haikufanana na nyingine yoyote waliyowahi kuisikia.

Wasichana wengine wa siku ile walikuwa wamekwisha kufariki. Wimbo wao sasa unapatikana bure kwenye intaneti, na ni mfupi kiasi kwamba simu ya bei nafuu kabisa huupokea kwa sekunde chache.